NGUO YA ARUSI: NAMNA YA KUIJARIBU NA KUITUNZA NYUMBANI

Somo kwa akina mama, akina dada na vyama vya wanawake

Hapana nguo nyingine nyumbani inayogharimu fedha nyingi na kuvaliwa saa chache kama nguo ya arusi. Jamaa huweka akiba miezi mingi, pengine huuza ng'ombe au magunia ya mahindi, ili binti yao asimame mbele ya watu kwa heshima. Nguo huvaliwa tangu asubuhi hata jioni, kisha huvuliwa, ikatundikwa msumarini au ikatiwa katika mfuko na kusahauliwa. Baada ya miaka mitatu mdogo wake bibi arusi huitaka, nayo hutolewa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, ina madoa kwapani na ukungu katika pindo. Watu husema, "Nguo imezeeka." Sivyo. Nguo haikuzeeka, iliharibiwa kwa kutojua.

Jambo tunalotaka kulifundisha katika somo hili ni moja. Nguo ya arusi huharibika mara chache siku ya arusi yenyewe. Aghalabu huharibika kabla yake, ikijaribiwa kwa pupa, na baada yake, ikiwekwa kabla ya kusafishwa. Mambo hayo mawili yote hufanyika nyumbani, na mtu aweza kuyazuia kwa maji safi, kitambaa cheupe na subira.

Nguo nyeupe ilitoka wapi?

Wengi hudhani kwamba nguo nyeupe ya arusi ni desturi ya kale sana ya Ulaya, au kwamba ni amri ya dini. Zamani wanawake wengi wa Ulaya waliolewa wakiwa wamevaa nguo yao iliyo nzuri kupita zote, ikiwa nyekundu, buluu au ya rangi ya udongo. Desturi ya nyeupe ilipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa, tarehe 10 Februari 1840, amevaa atlasi nyeupe na lesi ya Honiton. Wamisionari na walowezi walikuja na desturi hiyo katika nchi yetu, na Wakristo wengi wakaipenda. Pwani bibi arusi alikuwa na mapambo yake tangu zamani, na kanga ya kisutu, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina heshima yake katika arusi.

Tena yafaa kukumbuka kwamba Malkia yule hakuitupa lesi yake. Katika picha iliyotolewa kwa sikukuu ya miaka 60 ya utawala wake, mwaka wa 1897, alionekana amevaa utaji ule ule wa arusi yake. Ikiwa malkia mwenye mali nyingi hakuona aibu kutunza na kuvaa tena, sisi tutaona aibu ya nini?

Jua kwanza kitambaa chako

Kabla ya kuigusa nguo kwa maji, pasi au dawa yoyote, ni lazima ujue imefumwa kwa kitu gani. Dawa ifaayo pamba yaweza kuiua hariri. Tazama kwanza kijikaratasi kilichoshonwa ndani ya mshono, hasa chini ya kwapa au nyuma ya shingo, kwa maana huko huandikwa jina la kitambaa na namna ya kukifua. Ikiwa hakuna, muulize fundi aliyeshona au mwenye duka aliyeuza.

Ikiwa hakuna wa kumwuliza, fanya jaribio la moto. Chomoa uzi mmoja tu, urefu wa kidole, kutoka ndani ya mshono mahali pasipoonekana. Nenda nje, mbali na nguo yenyewe, ushike uzi kwa koleo ndogo juu ya sahani ya bati, na kopo la maji liwe karibu. Uwashe, kisha utazame na kunusa.

Pamba huwaka kama karatasi, na majivu yake ni laini ya kijivu. Hariri huungua polepole, harufu yake ni kama ya nywele zilizoungua, na mabaki yake huvunjika kwa kidole. Nailoni na politesta hujikunja na kuyeyuka, kisha huacha tone gumu kama ushanga. Asiteti nayo huyeyuka, lakini hunuka kama siki. Usiliguse tone la namna hizo mpaka lipoe, kwa maana hugandama ngozini na kuchoma vibaya.

Hariri ni kazi ya kiwavi, na pamba ni ya mmea; hizo zimejulikana tangu kale. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya Du Pont ya Marekani mwaka wa 1938, na politesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941 na wataalamu wawili, J. R. Whinfield na J. T. Dickson. Siku hizi nguo nyingi za arusi zinazouzwa kwa bei ya kadiri ni za politesta. Hilo si jambo la kudharau. Politesta haikunjiki sana, haisinyai, na nondo hawaili. Lakini ina adui wawili, nao ni pasi ya moto mkali na mafuta. Mafuta yakiingia katika politesta hukaa kwa ukaidi kuliko yakaavyo katika pamba.

Kujaribu nguo

Watu hupenda kuijaribu nguo mara ile iletwapo, mbele ya majirani na watoto, kila mtu akitaka kuishika. Hapo ndipo madoa ya kwanza yaingiapo. Yafaa kuijaribu mara tatu. Mara ya kwanza iwe majuma sita kabla ya arusi, ili fundi awe na nafasi ya kupunguza au kuongeza. Mara ya pili iwe majuma mawili kabla. Mara ya tatu iwe siku tatu kabla, kwa maana mwili wa bibi arusi hubadilika. Wengine hupungua kwa mashaka na shughuli, na wengine huongezeka kwa kulishwa vizuri. Haraka haraka haina baraka, na fundi anayekesha usiku wa kuamkia arusi hukata pasipokatwa.

Chagua chumba chenye mwanga wa mchana, mbali na jiko na taa ya mafuta. Fagia, kisha tandika shuka safi juu ya mkeka. Bibi arusi na aoge na kujikausha sawasawa, lakini asijipake mafuta, poda wala manukato. Avue pete, saa, bangili na herini, kwa sababu hizo hunasa lesi na kuichana. Nywele zilizopakwa mafuta zifungwe kwa kitambaa safi. Wasaidizi wawili, shangazi na msimamizi kwa mfano, wanawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mikono kumi nayo ni mingi mno, wawili watosha.

Nguo yenye zipu ndefu mgongoni huvaliwa kwa kuingia kwa miguu. Fungua zipu na vishikizo vyote, iweke nguo juu ya shuka katika umbo la duara, bibi arusi aingie katikati, nao wasaidizi waipandishe polepole. Nguo ambayo haina budi kupitishwa kichwani, mfunike bibi arusi uso na nywele kwa leso nyepesi ya hariri au pamba mpaka ipite. Asivutwe zipu kwa nguvu. Ikikataa, msaidizi mmoja akutanishe pande mbili za kitambaa kwa mikono, na wa pili aipandishe.

Nguo yapasa kujaribiwa pamoja na viatu vyenyewe vya siku ile na nguo za ndani zile zile. Kisigino kirefu hubadili urefu wa pindo, na nguo ya ndani hubadili kifua na kiuno. Mtu akipimwa miguu mitupu kisha akavaa kisigino, vifundo vyake vitaonekana. Akipimwa na kisigino kisha akavaa viatu vya chini, ataikanyaga nguo mlangoni pa kanisa. Kwa nguo ya kutembelea juu ya udongo na nyasi, pindo la mbele na liwe juu ya ardhi kwa kadiri ya sentimita 2 au 3.

Sasa bibi arusi asisimame tu kama picha. Na afanye kila jambo atakalofanya siku ile. Aketi kitini na kuinuka. Apige magoti na kusimama bila kushikwa, kwa maana atapiga magoti mbele ya padre au mbele ya wazazi. Ainue mikono kama wa kukumbatia watu. Apande kidato kama cha gari. Avute pumzi nyingi na kuimba ubeti mmoja. Acheze kidogo. Nguo inayobana wakati wa kuketi itapasuka mshono wakati wa kula, nayo inayoteremka mabegani wakati wa kuinua mikono itamfadhaisha siku nzima. Ni afadhali kugundua hayo chumbani mbele ya shangazi kuliko kanisani mbele ya watu mia tatu.

Mahali palipo na kasoro patiwe alama kwa pini safi zisizo na kutu, kwa upande wa ndani. Kisha pashikizwe kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, na nguo ijaribiwe tena kabla ya kushonwa kwa cherehani. Wala asikate kitambaa kilichozidi ndani ya mshono, bali akikunje na kukishikiza tu. Kitambaa hicho ni akiba. Kwacho nguo yaweza kupanuliwa siku nyingine kwa mtu mwingine. Pindo ndilo hushonwa mwisho, baada ya mabega na kiuno kukaa sawa.

Kupiga pasi na kuchunga moto

Pasi ya makaa imetumikia nyumba nyingi, lakini hutoa cheche na majivu. Mwenye kuitumia na aipulize na kuisafisha nje, aijaribu kwanza juu ya kitambaa kikuukuu, na aipige nguo kwa upande wa ndani, kitambaa cheupe cha pamba kikiwa katikati. Pasi ya umeme itumiwe kwa moto mdogo. Kwa politesta na nailoni, mara nyingi pasi si lazima. Itundike nguo katika chumba chenye mvuke wa maji ya moto, au upitishe mvuke wa birika kwa mbali, na mikunjo italegea yenyewe. Shanga na puleki zisiguswe na pasi kabisa.

Nyavu nyepesi za utaji hushika moto upesi kuliko karibu nguo nyingine zote. Zile za nailoni huyeyuka na kugandama juu ya ngozi. Kwa hiyo bibi arusi asikaribie jiko, na mishumaa iwe mbali naye. Ikitokea ajali, asikimbie, maana upepo huzidisha moto. Alale chini na kubiringika, watu wamfunike kwa blanketi zito, kisha mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, naye apelekwe hospitali. Nguo iliyogandama juu ya jeraha isibanduliwe nyumbani.

Doa lisiloonekana

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Arusi imekwisha, nguo yatazamwa, nayo yaonekana nyeupe isipokuwa pindoni. Mama husema, "Ni safi, tuiweke." Hapo ndipo hasara ianziapo.

Jasho, maji ya matunda, soda nyeupe na sukari ya keki havina rangi vikikauka. Macho hayavioni. Lakini vimo ndani ya nyuzi, na kwa kukaa na hewa hubadilika polepole mpaka vikawa vya manjano, kisha vya kahawia. Doa la sukari laweza kufichama miezi mingi kabla ya kujitokeza, na likijitokeza limekwisha kula kitambaa na huondoka kwa shida sana. Zaidi ya hayo, sukari na jasho huwaita mende na wadudu wengine.

Tuseme kuna ndugu wawili walioshonewa nguo kutoka jora moja la atlasi. Wa kwanza alimwagikiwa divai nyekundu. Akalia, akaipeleka nguo kusafishwa kesho yake. Wa pili hakumwagikiwa na kitu ila soda nyeupe, akaifuta kwa leso, akaweka nguo sandukuni. Baada ya miaka minne, nguo ya wa kwanza yaweza kuwa safi, na ya wa pili ina doa la kahawia tangu kifuani hata gotini. Divai ilijitangaza, soda ilinyamaza. Kwa hiyo kanuni ni hii: kila nguo ya arusi isafishwe yote katika juma lile lile la arusi, hata kama yaonekana safi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuifua

Nguo ya hariri, ya asiteti, au yenye shanga nyingi zilizobandikwa kwa gundi, isifuliwe nyumbani. Ipelekwe kwa dobi mwenye mashine ya kusafisha kwa dawa bila maji. Mwonyeshe kila doa na umwambie limetokana na nini. Mwulize pia juu ya shanga, kwa kuwa dawa nyingine huyeyusha shanga za plastiki na gundi ya puleki. Na ajaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Nguo ya pamba, nailoni au politesta isiyo na mapambo mengi yaweza kufuliwa nyumbani. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, ukiweza, kwa maana maji ya visima vingine yana chuma na huacha alama za kutu. Jaza karai kubwa au beseni la kuogea maji ya uvuguvugu, uyeyushe sabuni laini kabla ya kutia nguo. Kisha ibonyeze kwa viganja, usiifikiche wala kuikamua. Isuuze mara tatu au nne mpaka maji yatoke hayana povu, kwa maana sabuni ikibaki nayo hugeuka manjano. Iinue kwa mikono miwili kutoka chini, kwa sababu nguo iliyolowa ni nzito na mabega yake hupasuka yakivutwa. Ilaze juu ya taulo nyeupe kivulini, penye upepo. Usitie wanga wala buluu, kwa kuwa wadudu wadogo wa rangi ya fedha, wale walao vitabu, hupenda wanga.

Dawa ya kung'arisha yenye klorini isitumiwe ovyo. Huila hariri na kuifanya manjano, na nailoni nayo hugeuka rangi kwayo. Petroli na mafuta ya taa visitumiwe kamwe kusafishia nguo. Mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini mpaka ufike jikoni, nayo nyumba ikawaka.

Madoa yanayoonekana

Udongo mwekundu katika pindo: usiulowe. Uache ukauke kabisa, uupanguse kwa brashi laini, kisha ufue. Ukilowa, rangi yake huingia ndani.

Damu: tumia maji baridi na sabuni upesi. Maji ya moto huigandisha damu katika nyuzi.

Mafuta ya chakula au ya mwili: nyunyiza poda nyeupe au unga laini wa muhogo, uache usiku mzima unyonye mafuta, kisha kung'uta na kufua kwa sabuni.

Nta ya mshumaa: ngoja igande, ikwangue polepole kwa ukucha au kijiko, kisha weka karatasi nyeupe inyonyayo juu na chini na upitishe pasi ya vuguvugu, ukibadili karatasi kila mara.

Kutu katika pamba nyeupe: maji ya ndimu na chumvi, uanike juani kidogo, kisha usuuze sana. Usifanye hivyo kwa hariri.

Rangi ya kucha: dawa ya kuiondolea aghalabu ina asetoni, na asetoni huyeyusha kitambaa cha asiteti mpaka kikatoboka. Ndiyo maana tulisema ujue kwanza kitambaa chako.

Kuiweka

Nguo iliyo safi na kavu kabisa yaweza kukaa miaka mingi ikikingwa na mambo manne: mwanga, unyevu, wadudu na kutu.

Usiitundike kwa msumari wala kwa hanga ya chuma. Nguo nzito huvutwa na uzito wake mpaka mishono ya mabega ikalegea. Ni afadhali kuilaza katika sanduku. Chukua vitambaa vya pamba nyeupe, kama amerikani, vilivyofuliwa mara mbili tatu kwa maji ya moto mpaka wanga wa kiwandani umeondoka. Tandika kimoja chini, kunja nguo juu yake, na kila mahali pa mkunjo tia kitambaa kilichoviringwa kama mto mwembamba ili mkunjo usiwe mkali. Toa pini zote za chuma na maua ya bandia yenye waya. Funika kwa kitambaa kingine.

Usiizungushie karatasi za magazeti, hata karatasi hii unayoisoma. Wino huambukiza, na karatasi ya magazeti ina tindikali inayogeuza manjano kitu cheupe kilicho karibu nayo. Ubao mtupu wa sanduku nao hutoa tindikali, basi utandikwe kitambaa kinene. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa haufai, kwa maana hufungia unyevu ndani, na ukungu hupenda unyevu. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 na zaidi huusaidia ukungu kuota. Watu wa Mombasa, Lamu na kandokando ya Ziwa Victoria wanajua jambo hilo vyema. Sanduku liinuliwe juu ya matofali mbali na mchwa, lisigusane na ukuta, wala lisikae jikoni penye moshi wala darini chini ya mabati.

Mara moja kila mwaka, katika majira ya kiangazi, nguo itolewe, ipunge hewa kivulini kwa saa chache, itazamwe, na ikunjwe upya katika mistari mingine. Kitambaa kinachokunjwa pale pale kila mwaka hukatika pale pale.

Ama kwa habari ya nondo, funza wao hula hariri, sufu na manyoya. Majani makavu ya mwarobaini au karafuu ndani ya kifuko cha kitambaa hutumiwa na wengi kuwafukuza, lakini kinga kubwa ni usafi na kuitazama nguo. Vidonge vyeupe vya nafthalini vina hatari ambayo yapasa kila mama aijue. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu fulani katika damu, nao huonekana zaidi katika nchi zenye malaria kama vile pwani na magharibi ya Kenya. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya nafthalini, au akivishwa nguo iliyokaa nayo, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika, macho yakawa ya manjano, naye akaugua sana. Wazazi wengi hukata kanzu ya ubatizo kutoka nguo ya arusi ya mama. Hiyo ni desturi njema. Basi nguo hiyo isiwekwe na nafthalini hata kidogo, wala vidonge vyake visiachwe mahali watoto wawezapo kuvidhania peremende.

Nguo ya kuazima na ya kukodi

Katika miji mingi yako maduka yanayokodisha nguo za arusi, na vijijini ndugu huazimana. Si aibu, ni busara kuliko kuanza maisha ya ndoa na deni. Lakini wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na ugomvi mwingi huzaliwa siku ya kuirudisha. Itazameni nguo pamoja, mwenyewe na mwazimaji, mchana. Andikeni katika karatasi kila doa, mchaniko na kishikizo kilichopotea. Andikeni siku ya kurudisha, nani atalipa gharama ya kusafisha, na kama fundi anaruhusiwa kupunguza kwa bandi. Kila mmoja atie sahihi na kushika nakala yake. Karatasi hiyo huokoa undugu ambao thamani yake yapita ya nguo.

Maswali ya kuzungumzia katika chama

1. Kwa nini nguo inayoonekana safi yapasa kufuliwa katika juma la arusi?

2. Bibi arusi afanye mambo gani anapoijaribu nguo, na kwa nini avae viatu vyake vyenyewe?

3. Utatambuaje hariri, pamba na politesta kwa uzi mmoja?

4. Nafthalini ina hatari gani kwa watoto wachanga?

5. Ni mahali gani katika nyumba yako pafaapo kuwekwa sanduku la nguo? Eleza sababu.

Kila mwanachama aliye na nguo ya arusi nyumbani na aitazame juma hili katika mwanga wa mchana, hasa kwapani, kifuani na pindoni. Akiona alama ya manjano iliyo nyepesi bado, asingoje mwakani.